Maji ya Jua ya Nuu

Tulipomzika Nzioka pale Kikima mwezi uliopita, idara ya fizikia ya chuo kikuu ilimtuma kijana mmoja wa suti ya kijivu aje asome karatasi. Ilikuwa na kurasa mbili, na nina hakika yule kijana alikutana na jina la marehemu kwa mara ya kwanza akiwa ndani ya gari njiani, maana alilitamka vibaya mara tatu kati ya nne. Alisema marehemu alikuwa fundi wa maabara ya fizikia kwa miaka mingi, kwamba alikuwa nguzo, kwamba alikuwa mnyenyekevu, kisha akafika mahali akakohoa kidogo na kuinua sauti: "Na zaidi ya yote, marehemu alishiriki kikamilifu katika mradi wa maji ya jua wa Nuu, ambao hadi leo ni fahari ya idara yetu." Waombolezaji wakapiga makofi. Na mimi nikapiga. Mikono yangu ilikutana kabla kichwa hakijafikiri, kama mikono ya mtu aliyefunzwa, na kwa kweli nilifunzwa. Nimefundisha fizikia katika shule za sekondari za Makueni mpaka nikastaafu, nimewaambia mamia ya watoto wa watu kwamba kipimo ni kipimo, na siku hiyo nikampigia makofi kijana asiyejua hata Nuu iko upande gani. Nilirudi nyumbani, mjini Wote, nimejichukia. Wako watu wanaoweza kuuacha uongo ulale na maiti kaburini. Mimi umenirudisha kwenye meza hii, na kalamu.

Mtu asiyeijua idara ile miaka ya themanini ilipoanza anaweza kudhani kazi yake ilikuwa fizikia. Kazi yake ilikuwa kujipongeza. Ukiingia jengo letu pale Nairobi, kitu cha kwanza ulichokiona ukutani hakikuwa kifaa wala ramani ya nyota, bali sanduku la kioo lenye kufuli, na juu yake maneno MAFANIKIO YETU yameandikwa kwa rangi ya dhahabu. Ndani mlikuwa na picha za wahadhiri wakishikana mikono na Wazungu waliovaa makoti mazito. Mlikuwa na barua kutoka jarida moja la ng'ambo ikisema kwamba makala ya mhadhiri fulani imepokelewa. Haikuwa imekubaliwa wala kuchapishwa. Imepokelewa, kama vile posta inavyopokea kifurushi. Kwa barua hiyo tulikunywa soda na kula sambusa Ijumaa nzima alasiri, na mwenye barua akasimama juu ya kiti akashukuru wazazi wake. Wakati huohuo, maabara ya mwaka wa kwanza ilikuwa na saa tatu tu za kupimia sekunde zinazotembea, na wanafunzi tulizigombania kama watoto wanaogombania mfupa. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Idara yetu ilijitembeza kila Ijumaa.

Kiongozi wa matembezi hayo nitamwita Mwenyekiti tu, kwa sababu ndivyo alivyotaka kuitwa na kila mtu, hata, walisema, na mkewe. Alikuwa mtu mnene mwenye sauti nzuri ya kanisani, na alikuwa na joho lake jekundu lililotundikwa nyuma ya mlango wa ofisi, tayari, kama koti la zimamoto. Sitasema alikuwa mjinga, kwa sababu hakuwa. Zamani alikuwa amefanya kazi nzuri, na waliomjua ujanani walisema alikuwa na akili kali kama wembe. Lakini aligundua mapema kwamba nchini kwetu makofi huja haraka kuliko matokeo, akaamua kuishi kwa makofi. Ofisi yake ilitengwa na chumba cha maandalizi ya maabara kwa ubao mwembamba tu, na chumba hicho ndicho kilichokuwa cha Nzioka.

Nilikuwa msichana peke yangu katika darasa letu, na chumba cha Nzioka ndicho mahali pekee katika jengo lile ambapo hakuna aliyenishangaa. Kilinuka spiriti na risasi iliyoyeyushwa, na saa sita kilinuka muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, kwa sababu alikuwa na sufuria yake iliyochemka taratibu juu ya jiko la gesi la maabara kuanzia asubuhi. Alikuwa mtu mwembamba, mkimya, mzee wa kanisa kwao Kikima, na shati lake lilifungwa vifungo vyote mpaka shingoni hata wakati wa joto. Alinipakulia muthokoi kwenye sahani ya bati bila kuniuliza kama nina njaa. Tulikula tukisikiliza ubao. Kila neno la Mwenyekiti lilipita pale, na Nzioka hakuwahi kusema lolote juu ya aliyoyasikia. Alitafuna tu polepole zaidi. Siku moja aliniona nikifuta namba kwenye daftari la majaribio, akaweka kijiko chini. "Mutheu, usifute. Andika kwa wino. Ukikosea, piga mstari mmoja, kosa lako lisomeke." Nikamwuliza, "Na mhadhiri akiliona?" Akanitazama kana kwamba nimeuliza kama maji hulowesha. "Si ndiyo maana linaandikwa?"

Mradi wenyewe ulitokana na wazo zuri, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi. Pale Nuu, shule moja ya msingi ilikuwa na kisima kirefu, lakini maji yake yalikuwa ya chumvi. Ukiyanywa kiu inazidi, ukipikia maharagwe hayaivi. Maji matamu yalichimbwa kwenye mchanga wa mto mkavu, mwendo wa asubuhi nzima kwenda na kurudi. Mwenyekiti aliandika kwamba tukijenga beseni la sementi lililopakwa rangi nyeusi, tukamwaga humo maji ya chumvi, tukalifunika kwa vioo vilivyoinama, jua lingeyageuza mvuke; mvuke ungegeuka matone chini ya kioo, matone yangeteleza mpaka kwenye mfereji mdogo, na mfereji ungeyapeleka pipani yakiwa matamu, chumvi ikibaki nyuma. Hakuna uongo hapo. Mtoto wa sekondari anaweza kukueleza hivyo. Uongo ulikuwa katika ahadi: zaidi ya debe moja kila siku kutoka beseni moja lenye ukubwa wa vitanda viwili, na baadaye mabeseni ishirini, na shule nzima ikinywa maji ya jua. Wafadhili wakakubali. Mimi, nikiwa naingia mwaka wa tatu, nikachaguliwa kwenda kuchukua vipimo likizo ya Agosti na Septemba, kwa sababu nilijua Kikamba na kwa sababu, alivyosema Mwenyekiti mbele ya wote, picha ya msichana akishika kipimajoto ingependeza sana kwenye sanduku la kioo.

Nilipewa stoo ya shule nilale, katikati ya majembe na vitabu vya kale vilivyoliwa na mchwa. Mlo nilikula kwa Mama Mwende, mpishi wa shule, aliyekaa ng'ambo ya ua. Alikuwa mjane mwenye mabega mapana na kicheko kilichomtangulia mlangoni. Nilimwita mwaitu, kama tunavyowaita akina mama wa rika la mama zetu, na tulizungumza Kikamba, ambacho hapa nakigeuza Kiswahili nikijua kinapoteza nusu ya utamu wake. Kwake nilikula ugali na majani ya kunde, na asubuhi nilikunywa chai yenye chumvi, chai ambayo hata ukiitia sukari vijiko vitano bado unahisi kama kuna mtu amelilia ndani ya kikombe. Kila jioni jua likianza kuinama nilifungua bomba la pipa, nikapima maji kwa jagi la kioo lililochorwa mistari, nikaandika namba kwa wino, kisha nikampa Mama Mwende yale maji. Hayakujaza birika lake la chai. Siku nzuri yalikuwa lita mbili na nusu. Siku ya vumbi, moja na kidogo. Daftari hilo liko mezani hapa ninapoandika, na namba zangu za ujana zimenyooka, zimejaa imani.

Nzioka alikuwa nami majuma mawili ya kwanza. Alilala kwenye sakafu ya darasa, akaamka mapema, akazunguka beseni akipitisha kiganja kando ya vioo kama mtu anayepapasa mgonjwa. "Mvuke unatoroka hapa," alisema. "Na hapa. Na hapa." Udongo wa kubandikia vioo ulikuwa umepasuka kwa joto. Akapeleka ombi Nairobi la mipira ya kuzibia, na jibu likarudi na dereva kwamba mipira itafikiriwa, ila kwa sasa idara inashughulikia kushonesha bango. Akajaribu kuziba kwa lami. Maji yakaongezeka kidogo, lakini Mama Mwende alipoyaonja aliyatema mbali. "Aiya! Hii ni barabara ya Mombasa imeyeyuka!" Nzioka alicheka mpaka akavua miwani, na ndiyo mara pekee niliyomwona amefungua kifungo cha shingo. Halafu akaibandua lami yote kwa kisu, siku mbili juani, kwa sababu, alisema, hawezi kumwachia mtu maji asiyoweza kunywa mwenyewe.

Nilikuwa na kiburi wakati ule, na lazima nikiandike hapa kwa wino. Niliwahurumia watu wa Nuu kwa namna mbaya, namna ya kuwatazama kutoka juu. Niliamini hawaelewi tunachofanya. Siku ya mnada wa mifugo nilikaa kwenye kibanda cha chai, nimegeukia ukuta, na nyuma yangu walikuwa wafanyabiashara wawili wa ng'ombe kutoka kaskazini, watu wa kofia na mishipi mipana. Mmoja alimwuliza mwenzake, "Wale wa chuo pale shuleni wanafanya nini?" Mwenzake akajibu, "Wanapika maji kwa kioo." "Yanatoka mangapi?" Nikasikia kikombe kikitua. "Nimeyaona. Mtu mmoja akitawadha, wa pili angoje kesho." Hawakucheka hata. Waliendelea kuzungumza juu ya bei ya ndama. Nilimaliza chai yangu nikatoka bila kusalimia mtu, nimekasirika, kwa sababu maneno manane ya mchuuzi wa ng'ombe yalikuwa yamesema yote niliyokuwa nimeyaandika katika kurasa arobaini.

Oktoba nilipeleka daftari kwa Mwenyekiti. Alinikaribisha kiti, akaagiza chai, akapekua kurasa akitikisa kichwa kwa furaha mpaka akafika kwenye namba. "Umefanya kazi safi sana, Mutheu. Lakini hapa ulichoka. Nukta imekaa pabaya."

"Nukta gani, Mwenyekiti?"

"Hii. Umeandika mbili nukta nne. Beseni la ukubwa ule haliwezi kutoa mbili nukta nne. Hesabu zangu zinasema ishirini na nne."

"Lakini nilipima kwa jagi, Mwenyekiti. Kila jioni."

"Najua ulipima. Na jua la Nuu ni kali, mwanangu. Mtu akisimama juani siku nzima anaona vitu." Akafunga daftari kwa upole, akalisukuma upande wangu. "Nakili upya kwa hati nzuri. Sogeza nukta. Si kazi kubwa, ni nukta tu." Akakoroga chai yake, akaongeza kama mtu aliyekumbuka jambo dogo, "Unajua mwaka huu bado hatujampata mwanafunzi bora?"

Ningependa kuandika kwamba nilitoka nikilia, au kwamba nilibishana na nafsi yangu usiku na mchana. Sikubishana. Nilinunua daftari jipya, nikakaa maktaba alasiri mbili, nikanakili siku zote nilizokaa Nuu, na kila nilipofika kwenye lita niliiruka nukta kama mtu anayeruka dimbwi. Kitu kinachonitisha hata leo ni jinsi ilivyokuwa rahisi. Kufikia ukurasa wa kumi nilikuwa nimeanza kuziamini. Ishirini na nne ilipendeza. Ilikaa vizuri kwenye mstari.

Siku mbili baadaye nilikuwa chumba cha maandalizi, sahani ya muthokoi mapajani, Nzioka alipoitwa upande wa pili wa ubao. Nilisikia karatasi zikifunguliwa. Mwenyekiti akasema, "Tia sahihi hapa. Shahidi wa vipimo." Ikaja sauti ya Nzioka, ileile ya kila siku: "Hizi si namba zilizotoka Nuu, bwana."

"Sikukuuliza habari ya namba. Nimekuomba sahihi."

"Sahihi yangu inasema namba ni za kweli. Haina kazi nyingine."

"Nzioka, wewe ni fundi. Kazi yako ni kukaza skrubu."

"Basi hii tafuta mwingine aikaze."

Aliporudi alikaa, akachukua sahani yake, akala. Alijua hati ile ilikuwa ya nani. Aliijua hati yangu kuliko mama yangu alivyoijua. Nilisubiri anigombeze. Alinisogezea chumvi.

Sherehe ilifanywa Novemba, hukohuko Nuu, kwa sababu mgeni wa heshima kutoka wizarani alitaka kuyaona maji kwa macho yake. Idara nzima ilisafirishwa. Nimehudhuria harusi nyingi na hafla nyingi za kuchangisha, lakini sijawahi kuona watu wanaojipamba kwa ujasiri kama wale. Walivaa majoho yao katika joto la saa tano, nyuso zikitiririka jasho, wakakaa chini ya turubai wakijipepea kwa ratiba. Bango lilikuwa limefungwa kwenye migunga miwili: SIKU YA MAFANIKIO YA IDARA YA FIZIKIA. Mbuzi watatu walichinjwa. Mwalimu mkuu alitoa kochi la nyumbani kwake ili mgeni wa heshima akalie. Na asubuhi, kabla magari ya wakubwa hayajafika, lilikuja lori la maji kutoka upande wa Mwingi, likarudi nyuma polepole mpaka kwenye beseni letu, likajaza lile pipa la maji ya jua mpaka juu, kisha likamwaga yaliyobaki ndani ya tangi la shule. Wanawake waliokuwa wakikata vitunguu waliinua macho, wakatazama, wakarudia vitunguu vyao. Nzioka alisimama kando, mikono nyuma, akasoma nambari ya lori kana kwamba atahojiwa juu yake.

Pasta aliomba. Kwaya ya akina mama ikaimba. Kisha zikaanza pongezi, na zilichukua muda mrefu kuliko mahubiri. Mhadhiri mmoja alipongezwa kwa kupandishwa cheo, mwingine kwa kualikwa kwenye mkutano, mwingine kwa sababu alikuwa karibu kumaliza shahada yake ya udaktari, na sisi tukapiga makofi kwa ajili ya hiyo karibu. Walivishana vilemba vya ukoka mpaka vikaisha. Halafu Mwenyekiti akamwongoza mgeni wa heshima mpaka kwenye pipa, akasimama pembeni ili mpiga picha apate nafasi, akaita kwa sauti ya kwaya: "Fundi wetu, tufungulie baraka hii!"

Nzioka alikuja. Alivua kofia mbele ya mgeni. Hakuinua sauti, na nadhani waliokuwa mbali hawakumsikia, lakini mimi nilikuwa hatua tatu kutoka kwake. "Mheshimiwa, pipa hili limejazwa asubuhi na lori. Ukitaka kuona maji ya jua, ungoje mpaka jioni nikupimie kwenye jagi."

Mgeni wa heshima alimtazama Mwenyekiti. Mwenyekiti hakupoteza tabasamu hata kidogo. Lililegea tu kidogo pembeni, kama hema lililong'olewa kigingi kimoja. "Mzee wetu anapenda mzaha," alisema. "Mutheu! Njoo wewe. Mwanafunzi bora wa mwaka ndiye atakayefungua." Ndivyo nilivyojua kwamba nimeshinda. Watu wote walinigeukia. Nzioka naye alinigeukia, na usoni mwake hakukuwa na onyo wala ombi. Alisogea tu kidogo, kunipa nafasi ya kuamua. Nikapita mbele yake. Nikafungua bomba. Maji yakatoka kwa nguvu, yakamrukia mgeni viatuni, naye akacheka, akakinga bilauri, akanywa, akasema ni matamu kweli. Vigelegele vikapanda mpaka nikahisi vinasukuma turubai. Nikapewa cheti kilichofungwa kwa utepe, nikapigwa picha.

Magari yalipoondoka nilimkuta Mama Mwende nyuma ya jiko akisugua sufuria kwa mchanga. Aibu ilikuwa imenijaa, na nilitaka mtu mdogo kuliko mimi wa kukiri mbele yake. Nasema mdogo kwa sababu ndivyo nilivyomwona. "Mwaitu," nikasema, "nataka kukuambia ukweli. Maji yale hayakutoka kwenye beseni."

Alicheka mpaka akakaa chini kwenye mchanga. "Aiya, Mutheu! Yale ya jagi lako nani alikuwa akiyanywa kila jioni? Si mimi? Na lori lile si lilipita hapa mlangoni pangu, likakanyaga hata matuta yangu ya viazi?"

"Basi mbona mlipiga vigelegele?"

"Umechungulia tangi la shule? Limejaa. Tangu lijengwe halijawahi kujaa. Kesho kila nyumba hapa itapika maharagwe yaive." Alifuta machozi ya kicheko kwa nyuma ya mkono. "Wakubwa wenu waje kila mwezi. Tutapiga vigelegele kila mwezi, hata tutawafundisha kucheza." Kisha akaacha kucheka, si kwa ukali, bali kama mtu aliyemaliza jambo moja akashika jingine. "Sisi tulipiga vigelegele tupate maji. Na wewe ulifungua lile bomba upate nini?"

Nilimsaidia kubeba sufuria. Miaka miwili baadaye nilipita pale nikakuta mwalimu mkuu ameng'oa vioo na kuvitia madirisha ya ofisi yake, na beseni limebaki wazi, jeupe kwa chumvi, mbuzi wamelizunguka wanalamba kwa furaha. Mama Mwende alinionyesha kwa kidole. "Ona. Mradi wenu umefaulu."

Yaliyofuata chuoni yalikwenda kama yanavyokwenda siku zote. Mwenyekiti alipandishwa, akapata ofisi yenye zulia. Picha yangu na bomba iliingia kwenye sanduku la kioo. Nzioka aliambiwa kwamba ujuzi wake unahitajika kwingineko, akapelekwa kwenye bohari ya samani kuhesabu viti vya kumbi za mtihani. Mtu aliyeweza kusikia kwa kiganja mahali mvuke unapotorokea alikabidhiwa chaki, awe anaandika namba chini ya viti.

Desemba nilimfuata Kikima. Kulikuwa na ukungu na baridi ile ya milima ya Mbooni inayoingia mpaka kwenye meno. Mkewe, Mama Kioko, alinikaribisha jikoni penye moto, akaniletea mbaazi na mahindi na parachichi kubwa lililokatwa mara mbili, akanisalimia kama binti wa nyumbani, na wema huo ulinichoma kuliko tusi. Nzioka alikula nami. Nilipomaliza nilisema maneno niliyokuwa nimeyapanga njia nzima. Nilimwomba msamaha. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza jambo moja tu.

"Daftari la kwanza, lile la wino, bado liko?"

"Liko, Mzee."

"Basi kazi haijaharibika. Kosa linasomeka." Akapangusa mikono. "Chuo kikifunguliwa, Jumatatu ya kwanza, tulipeleke kwa wakuu wa chuo. Mimi nitasema niliyoyaona, wewe utaweka daftari mezani. Hutakuwa peke yako. Tukutane lango kuu saa tatu."

Mama Kioko, aliyekuwa amegeukia moto, alisema bila kugeuka, "Wanaweza kukufuta kazi kabisa, Baba Kioko."

"Wanaweza," alisema Nzioka. "Mutheu, utakuja?"

"Nitakuja," nikasema. Nilimaanisha. Nilishuka ule mlima nikiwa mwepesi.

Ijumaa kabla ya Jumatatu hiyo Mwenyekiti aliniita kwenye ofisi yenye zulia, akaniambia idara inafikiria kunibakiza kama msaidizi wa kufundisha nikimaliza, na baadaye, Mungu akipenda, masomo ya ng'ambo. Hakutaja Nuu. Hakutaja Nzioka. Alisema tu kwamba idara hukumbuka watu wake. Kazi hiyo hatimaye alipewa mpwa wake, nami nikapelekwa kufundisha sekondari, lakini siku ile sikujua, na hata kama ningejua sidhani ningekuwa mtu mwingine.

Jumatatu saa tatu kasorobo nilikuwa ghorofa ya pili ya maktaba, dirishani, mkoba mapajani na daftari ndani yake. Nilimwona akifika. Alikuwa amevaa koti lake la kanisani, shati limefungwa mpaka shingoni. Alisimama karibu na lango kuu, upande wa kivuli, akiwatazama wanafunzi waliokuwa wakiingia, mmoja mmoja. Saa nne ikapita. Saa tano. Kivuli kilimhama akabaki juani, akavua kofia, akajipangusa, akaivaa tena. Saa sita alifungua mfuko wa karatasi akala amesimama, ili asije akaniacha nikapita. Askari wa lango alimletea kiti, nikaona Nzioka akikigeuza chini juu kwanza, akasoma namba yake, kisha akakiweka kando bila kukikalia.

Alingoja mpaka saa nane. Mimi pia nilikaa mpaka saa nane.